Masasi ya bei chini ndani ya bastola nzuri: nani analipa ile tofauti?



Leo tuko na somo juu ya kitu kidogo ambacho karibu kila mtoto wa bonde la Ruzizi amekwisha kuona chini: ganda la risasi. Watu wanasemaka: "Risasi ni risasi tu, ikitoka imetoka." Kwa mutu mwenye kubeba bastola kwa kazi, polisi, afisa ao mlinzi wa hifadhi, ile maneno haiko kweli. Kuna masasi yenye ganda la shaba njano, na kuna yenye ganda la chuma. Ya chuma njo inakuwaka ya bei chini. Swali letu ni hili: ile pesa yenye mununuzi anaokoa, nani anailipa kisha? Maana haipotei. Inahama. Inatoka ku mfuko wake, inaenda ku bastola, ku mkono wa mwenye kupiga, ku mupita-njia, na mwisho ku shamba la mkulima na ku mtoto wake.

Neno moja la sheria kwanza. Hapa kwetu silaha na masasi viko chini ya Ordonansi-Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hana haki ya kushika silaha bila ruhusa. Basi hii haiko somo la kutumia bastola. Ni somo la kuelewa, juu wengi wetu tutafanya kazi fasi kwenye kuna walinzi wenye silaha, na wengi wetu tuna wadogo wenye kulima na kuchunga fasi vita ilipita.

1. GANDA LINAFANYA KAZI GANI?

Risasi moja iko na vipande vine: kichwa, kile kinachoruka, baruti, fataki ndogo ya kuwasha baruti, na ganda lenye kushika vyote pamoja.

Wengi wanafikiri ganda ni kikopo tu cha kubebea baruti. Kumbe lina kazi ya pili, na njo kubwa: kufunga mlango wa nyuma. Baruti ikiwaka, mukandamizo ndani ya risasi ya bastola ya milimetre 9 kwa 19 unaweza kufika hadi bar 2,350. Mupira wa gari ndogo unajazwa kwa bar 2 na kidogo. Piga hesabu: ni karibu mara elfu moja, ndani ya chuma chenye mutu ameshika mkononi, mbele ya uso wake.

Shaba njano ya masasi ni mchanganyiko wa kuivre karibu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Ni madini yenye kunyumbuka. Mukandamizo ukipanda, ganda linapanuka, linabana ukuta wa chumba cha risasi, moshi na moto havirudi nyuma. Mukandamizo ukishuka, linajikunja kidogo na kutoka bila shida. Chuma ni kigumu zaidi. Kinapanuka kidogo, hakifungi vizuri, na kisha hakirudi vile shaba inarudi. Ile tofauti ndogo njo inaleta mambo mengine yote.

2. BASI JUU YA NINI WANATENGENEZA YA CHUMA?

Juu kuivre ni ghali. Sisi Wakongomani hatuhitaji mutu wa kutufundisha hiyo. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Ujerumani ilikosa kuivre ya kutosha, ikageukia ganda la chuma lenye kupakwa vernisi. Marekani nayo, kule Evansville, Indiana, kiwanda cha magari kiligeuzwa, kikatoa mabilioni ya masasi ya bastola, mengi yakiwa na ganda la chuma. Urusi ya Kisovyeti iliendelea na chuma kisha vita. Tena ilitengeneza silaha kufuatana na lile ganda: risasi ya Kalashnikov ni pana nyuma na nyembamba mbele, ili ganda litoke mbio hata kama chumba ni kichafu. Bastola ya Makarov, iliyokubaliwa kwa jeshi la kule mwaka 1951, nayo ilizoea ganda la chuma.

Kwa hiyo tusidanganyane: chuma peke yake haiko sumu. Kikitengenezwa vizuri, ndani ya silaha iliyokifikiria, kinafanya kazi. Shida inaanza pale mutu anachukua desturi ya Kalashnikov na kuileta ndani ya bastola ya vipimo vya kubana, iliyotengenezwa kwa shaba njano.

3. NDANI YA BASTOLA: VITU VINNE

Cha kwanza ni masizi. Juu ganda la chuma halifungi vizuri, moshi unarudi pembeni yake na kuacha uchafu ndani ya chumba. Kisha masasi mengi, ganda linaweza kukwama. Watu wanasemaka ni vernisi yenye kuyeyuka juu ya joto. Wenye kuchunguza wameona zaidi masizi kuliko vernisi.

Cha pili ni kijino chenye kuvuta ganda nje. Kila mara ya kupiga, kile kijino kinashika ukingo wa ganda na kulivuta. Shaba ni laini kuliko kijino. Chuma kinapigana nacho. Siku moja kinavunjika. Kule Ulaya ni kipande cha dola chache, kinaletwa na posta. Hapa Kivu, bastola inakaa bila kijino cha asili, ama fundi anachonga kingine kwa lime. Mwenye bastola anaendelea kuibeba, akiamini iko nzima.

Cha tatu ni mtutu. Masasi mengi ya bei chini yana kichwa chenye koti la chuma, na juu yake kuivre nyembamba sana ya kupaka. Ile inakula mtutu kuliko koti la kuivre yenyewe.

Hapa tuko na jaribio la kweli. Mwaka 2013, muuzaji mmoja wa masasi kule Marekani, Lucky Gunner, alichukua bunduki ine za aina moja na kupiga maelfu ya masasi kwa kila moja: moja kwa masasi ya ganda la shaba, tatu kwa ya ganda la chuma. Kati ya zile tatu, kuna mitutu iliyochoka karibu katikati ya safari. Ile ya shaba ilifika mwisho ikiwa bado na nguvu ya kulenga. Lakini muangalie vizuri: walikuta kwamba mwenye kula mtutu ni koti la kichwa, ganda halikuwa na kosa kwa hiyo. Na walipopiga hesabu, pesa iliyookolewa kwa masasi ya bei chini ilitosha kununua mtutu mupya na kubakiza. Tena zile zilikuwa bunduki. Kichwa cha bastola kinaenda polepole zaidi, basi mtutu wake unachoka polepole.

Mwenye kuuza atakwambia ile hesabu na kunyamaza. Wewe muulize: ule mtutu mupya, hapa kwetu, nani atauleta? Hesabu ya Marekani inafaa kwa mutu mwenye duka la vipande karibu. Kwa mwenye hana, akiba inabaki ku muuzaji na uharibifu unabaki ku bastola.

Cha ine ni chumvi. Fataki nyingi za zamani zilitumia kemikali yenye kuacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu ya ile chumvi ya jikoni. Chumvi inavuta maji ya hewani. Bastola isiposafishwa mbio, mtutu unapata kutu ndani, fasi jicho halioni. Na kwa masasi ya akiba ya zamani, ambayo mara nyingi njo yale ya ganda la chuma, hakuna mwenye kukuandikia kwamba chumvi iko.

4. HATARI KUBWA: RISASI ISIYO NA HISTORIA

Sasa tufike ku kitu kizito. Risasi ya ganda la chuma yenye kutoka kiwandani ndani ya sanduku lake, yenye namba ya kundi, ni jambo moja. Risasi ya chuma yenye imepita ku mikono kumi, imelala chini ya mabati, imenyeshewa, imehamishwa ku sharjeri tatu, ni jambo lingine. Bei chini ya pale sokoni ni ya hii ya pili.

Chuma kikikwaruzwa, vernisi inatoka na kutu inaanza. Ganda lenye kutu linaweza kupasuka, na ule moto wa bar elfu mbili unarudi upande wa mkono na macho.

Baruti nayo inazeeka kwa joto na unyevu, na bonde letu lina joto kuliko Bukavu iliyo juu mlimani. Baruti iliyochoka inaweza kutoa sauti ndogo, "paf", na kichwa kinabaki katikati ya mtutu. Mwenye bastola, ndani ya woga, anapiga ya pili. Ya pili inagonga ya kwanza. Pale mtutu unavimba ao unapasuka, na wenye kuumia wanaweza kuwa hata wale wenye kusimama pembeni. Wakati mwingine fataki inagongwa, kimya, na risasi inatoka kisha kidogo, wakati mutu amekwisha kugeuza bastola kuangalia kuna nini.

Tena kuna udanganyifu wa namba. Mutu anasema "ni ya tisa". Tisa gani? Risasi ya Makarov ni milimetre 9 kwa 18, na ya bastola nyingi za Ulaya ni 9 kwa 19. Urefu wa ganda haulingani, hata unene wa kichwa haulingani. Kwa mdomo zote ni "ya tisa".

5. KISHA KUPIGA: NANI ANABAKIA NA MAGANDA?

Bonde la Ruzizi limejua vita tangu Oktoba 1996, na hadi leo haijaisha. Pale masasi yalipigwa, maganda yanabaki. Shaba njano ina mununuzi: wenye kuuza mitrai wanaiokota, inayeyushwa, inakuwa kitu kingine. Ganda la chuma jembamba halina bei. Linabaki ndani ya mpunga na muhogo, linaoza, linakata miguu.

Lakini hatari haiko ganda tupu. Hatari ni risasi nzima yenye kuangushwa. Ikiwa ya chuma, kwa muda mfupi inapata kutu, inakuwa rangi ya udongo, na mtoto anafikiri imekufa. Kutu ni ya nje. Ndani, baruti na fataki vinaweza kuwa hai miaka mingi. Mtoto anaigonga na jiwe ili atoe kichwa chake kizuri, ao anaitupa ndani ya moto. Ile njo bei ya mwisho ya masasi ya bei chini, na anailipa mutu asiyenunua kitu.

6. SISI TUFANYE NINI?

Wale wenye watafanya kazi ndani ya banki, ONG, hospitali ao hifadhi kwenye kuna walinzi: usiogope kuuliza. Masasi yalitoka wapi? Sanduku lilikuwa limefungwa? Kiwanda gani, kundi gani, mwaka gani? Mara ya mwisho fundi wa silaha aliangalia bastola ni lini? Kama jibu ni "tunapataka tu", ujue bastola ya bei kali haitakulinda.

Wale wa sheria: chini ya kila ganda mara nyingi kuna chapa, kiwanda na mwaka. Njo alama ambayo Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya Kongo, lililoanzishwa mwaka 2004, linaangalia ili kujua masasi yalipitia njia gani. Lakini hati ya dunia ya mwaka 2005 juu ya kufuata nyayo za silaha ndogo iliacha masasi nje. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika tarehe 8 Machi 2017, umetaja masasi hata ndani ya jina lake. Ni somo zuri la TFC kwa mwenye bado anatafuta.

Na wale walimu, Luvungi, Kamanyola, Sange na penginepo, mambo matano yanatosha darasani. Risasi yenye kutu haijafa. Usiiguse, usiigonge, usiitupe ndani ya moto, usiilete shuleni. Kumbuka fasi uliiona na uonyeshe wengine kwa mbali. Mwambie mutu mkubwa, mwalimu ao chefu wa kijiji. Yeye apashe habari wale wenye kazi ya kutegua mabomu. Nchi iko na Kituo cha Kongo cha Kupambana na Mabomu ya Ardhini kwa ajili hiyo.

Ni dakika kumi tu za somo. Tuanze juma hili, kila mutu na darasa lake, kila mutu na wadogo wake pale nyumbani.