Ruzuku ya Kung'oa Tangi la Mafuta: Kwa Nini Serikali Ilipe, na Kwa Nini Iulize Maswali

Tangi la mafuta lililofukiwa chini ya kituo halizeeki mbele ya macho ya watu. Pampu ikichakaa mteja huiona, paa likitoboka mvua hutoa taarifa, lakini chuma kilichozikwa kwenye udongo wenye unyevu huliwa na kutu mwaka baada ya mwaka bila yeyote kujua. Mara nyingi dalili ya kwanza ni harufu ya petroli kwenye maji ya kisima cha jirani. Marekani ina matangi ya aina hii zaidi ya nusu milioni yanayotumika hadi sasa, na imejifunza somo hilo kwa gharama kubwa: tangu miaka ya 1980, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la nchi hiyo, EPA, limethibitisha visa zaidi ya 560,000 vya uvujaji. Kutokana na uzoefu huo, baadhi ya majimbo yameanzisha mifuko inayotoa ruzuku na mikopo nafuu kwa wenye vituo wanaotaka kuyang'oa matangi yao ya zamani au kuyaboresha. Hoja ya makala hii ni kwamba fedha hizo si zawadi kwa mfanyabiashara. Ni njia nafuu ya kulinda maji ya kunywa, ila kwa masharti mawili: zitoke kabla mafuta hayajavuja, na fomu ya maombi iulize maswali yenye maana.

Tuanze na tangi lenyewe. Mengi ya matangi yaliyofukiwa Marekani kabla ya miaka ya 1980 yalikuwa ya chuma kitupu chenye ukuta mmoja. Chuma hicho kikikaa kwenye udongo wenye maji na chumvi, hutoboka. Tundu linaweza kuwa dogo kuliko punje ya mchele, lakini halilali usiku wala mchana. Mwaka 1984 Bunge la Marekani liliipa EPA mamlaka ya kusimamia matangi haya, kanuni zikatoka mwaka 1988, na wamiliki wakapewa hadi tarehe 22 Desemba 1998 kuyawekea matangi ya zamani kinga ya kutu, kinga ya kufurika wakati wa kushusha mafuta na njia ya kugundua uvujaji, au kuyafunga kabisa. Teknolojia inayokubalika zaidi leo ni tangi la kuta mbili. Ukuta wa ndani hushika mafuta, wa nje huzuia yasifike kwenye udongo, na katikati kuna nafasi iliyowekewa kifaa cha kuhisi. Ukuta wa ndani ukipasuka, kengele hulia ofisini kabla tone moja halijagusa ardhi. Kwenye tangi la ukuta mmoja hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo likitoboka, mafuta yako kwenye udongo tayari.

Kinachofuata baada ya hapo kilionekana wazi katika mji wa Santa Monica, California. Mwaka 1996 mji huo ulilazimika kufunga visima vyake vya Charnock na Arcadia baada ya kukuta MTBE ndani yake, kemikali iliyokuwa ikichanganywa na petroli ili iungue vizuri. Kiwango kilichopimwa Charnock kilifika sehemu 610 kwa kila bilioni, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo katika maji ya kunywa ya California ni 13. Chanzo kilikuwa matangi na mabomba ya mafuta yaliyovuja. MTBE huyeyuka kwenye maji kwa urahisi na husafiri nayo mbali, tena huharibu ladha na harufu hata ikiwa kidogo sana. Mji ulipoteza karibu nusu ya maji yake na ukalazimika kununua maji kutoka nje. Mtambo mpya wa kusafisha maji ya Charnock ulizinduliwa mwaka 2011, miaka 15 baada ya visima kufungwa. Baadaye California iliipiga marufuku MTBE, lakini petroli bado ina benzini, inayosababisha saratani, na bado matangi yanavuja.

Ukiweka gharama kwenye mizani, hesabu inajieleza. EPA inakadiria kwamba uvujaji ukishafika kwenye maji ya ardhini, kuusafisha hugharimu kuanzia dola 100,000 hadi zaidi ya milioni moja kwa eneo moja. Kung'oa tangi kabla halijavuja ni kazi ndogo zaidi kwa kila kipimo. Lakini mwenye kituo kidogo hatazami hesabu hiyo peke yake. Anajua kwamba akichimba atafunga biashara kwa wiki kadhaa, atamlipa mkandarasi, atanunua tangi jipya, na pengine atakuta uchafu ambao sheria itamlazimisha kuutangaza na kuusafisha. Akiliacha tangi lilipo, hapati hasara leo. Kwake binafsi kuahirisha ni uamuzi wenye mantiki, na kwa majirani wanaokunywa maji ya ardhini ni balaa. Pengo hili kati ya maslahi ya mmoja na ya wengi ndilo sababu ya fedha za umma kuingia. Sheria ikimwamuru achimbe wakati hana uwezo, atafunga kituo na kuondoka, na tangi litabaki ardhini bila mwenyewe.

California ilikabili pengo hilo kwa amri na msaada kwa pamoja. Sheria iliyopitishwa mwaka 2014 iliweka tarehe 31 Desemba 2025 kuwa mwisho wa kutumia matangi ya ukuta mmoja. Sheria hiyo hiyo iliupanua mpango wa ruzuku na mikopo uitwao RUST, unaoendeshwa na bodi ya jimbo inayosimamia rasilimali za maji. Ruzuku yake huanzia dola 3,000 hadi 70,000, na mikopo kuanzia dola 10,000 hadi 750,000. Riba ya mkopo ni nusu ya ile ambayo jimbo lenyewe hulipa kwa hatifungani zake, na muda wa kulipa ni miaka 20 kwa mwenye kuweka rehani ya ardhi au jengo, na miaka 10 kwa asiye nayo. Ruzuku imetengwa kwa wadogo kweli: biashara inayojitegemea, yenye wafanyakazi wasiofika 20, na kituo kinachouza chini ya galoni 900,000 kwa mwaka, yaani takriban lita milioni 3.4. Mkopo uko wazi kwa biashara yenye wafanyakazi wasiofika 500. Kampuni kubwa za mafuta hazina nafasi hapo, wala hazistahili kuwa nayo.

Waombaji wengi huiona fomu kama ukuta, lakini kila swali ndani yake lina kazi. Uthibitisho wa umiliki wa tangi unahakikisha kwamba fedha zinamfikia mtu ambaye sheria itambana kazi ikienda vibaya. Kibali cha uendeshaji kutoka mamlaka ya eneo, pamoja na kumbukumbu za ukaguzi, vinaonyesha kama mwombaji amekuwa akifuata sheria au amejificha. Takwimu za mauzo na idadi ya wafanyakazi zinamtenga mdogo na mkubwa anayejifanya mdogo. Makadirio ya gharama kutoka kwa mkandarasi mwenye leseni yanazuia bei ya kubuni, na kwa mkopo, taarifa za fedha na kodi zinaonyesha kama deni litalipika. Kwa hiyo mwombaji makini hukusanya nyaraka kabla ya kugusa fomu. Huhakikisha jina lililo kwenye kibali ndilo lililo kwenye hati za kodi, humwomba mkandarasi atenganishe gharama ya kung'oa, ya tangi jipya, ya mabomba na ya vipimo vya maabara, na huuliza kwa maandishi gharama zinaanza kutambuliwa tarehe ipi. Swali hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote. Anayechimba kwanza na kuomba baadaye anajiweka hatarini kulipia kazi yote mfukoni mwake.

Ni vyema pia kujua fedha hizo zinanunua nini. Kanuni za shirikisho zinamtaka mwenye tangi kutoa taarifa walau siku 30 kabla ya kulifunga moja kwa moja. Siku ya kazi, mafuta na tope lililobaki hunyonywa, kisha barafu kavu huwekwa ndani ya tangi. Barafu hiyo hugeuka kuwa hewa ya kabonidioksidi inayosukuma nje mvuke wa petroli, kwa sababu tangi tupu lenye mvuke ndilo linaloweza kulipuka. Fundi hupima hewa ndani ya tangi, na mashine ya kunyanyua huanza kazi pale tu mvuke umeshuka chini ya kiwango cha hatari. Tangi likishatolewa hukaguliwa pande zote, na mara nyingi hapo ndipo matundu huonekana kwa macho kwa mara ya kwanza. Kisha sampuli za udongo huchukuliwa chini ya mahali lilipolala na kupelekwa maabara. Majibu yakionyesha uvujaji, mamlaka zinapaswa kuarifiwa ndani ya saa 24. Sampuli hizo ndizo zenye thamani kubwa kwa umma kuliko chuma chenyewe, kwa kuwa ndizo zinazowaambia majirani kama maji yao yako salama.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kulipa. Kwa nini mlipakodi amng'olee tangi mtu aliyevuna faida juu yake kwa miaka mingi? Jibu liko kwenye chanzo cha fedha. California humtoza mwenye tangi senti mbili za dola kwa kila galoni anayoiingiza, na sehemu ya tozo hiyo ndiyo inayoujaza mfuko wa RUST, huku kiasi kikubwa kikienda kwenye mfuko wa kusafisha uchafuzi. Kituo kinachouza galoni 900,000 kwa mwaka kinalipa dola 18,000, na kwa miaka minne kimelipa dola 72,000, zaidi ya ruzuku kubwa kuliko zote. Ni kweli kwamba mwishowe dereva huibeba tozo hiyo kwenye bei ya mafuta. Lakini dereva ndiye aliyefaidika na mafuta yaliyopita kwenye tangi, na ni haki zaidi alipe yeye kuliko mwenye kisima ambaye hakuuza wala kununua. Kanuni ya mchafuzi kulipa haikuvunjwa hapa. Imegawanywa kwa wote walioitumia biashara hiyo, na imekusanywa kabla ya madhara.

Pingamizi la pili ni kwamba ruzuku humtunza mzembe. Aliyebadilisha tangi lake miaka iliyopita kwa fedha zake hakupata kitu, na aliyekaa kimya hadi mwisho analipiwa. Ukakasi huo upo, na hauondoki wote. Unapunguzwa na sharti la kufuata sheria, linalomweka nje yule aliyepuuza vibali na ukaguzi, na unapunguzwa zaidi na tarehe ya mwisho isiyosogezwasogezwa. Serikali ikizoea kuongeza muda, kila mtu atasubiri. Pingamizi la tatu linatoka upande wa waombaji: makaratasi ni mengi mno kwa mwenye kituo kimoja anayeuza mwenyewe na kuandika hesabu usiku. Hapa wanaolalamika wana haki. Dawa yake lakini si kuondoa maswali, maana fedha zisizo na maswali huishia kwa wenye mawakili. Dawa ni kuweka maofisa wa kumsaidia mdogo kujaza fomu, kutoa orodha moja fupi ya nyaraka zinazohitajika, na kujibu maombi ndani ya muda unaojulikana.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya karibu ya kulifuatilia jambo hili. Tanzania, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, imeanzisha mikopo ya kujenga vituo vidogo vya mafuta vijijini ili wananchi waachane na petroli ya kwenye madumu na chupa. Ni hatua njema, na inafika sehemu ambazo watu wengi hunywa maji ya visima. Hati ya mkopo wa namna hiyo ndiyo mahali rahisi pa kudai tangi la kuta mbili, umbali wa kutosha kutoka kisimani, na kumbukumbu za mwaka, aina na mtengenezaji wa kila tangi linalofukiwa. Mkopaji anasaini mara moja, wakati shimo bado liko wazi na tofauti ya gharama ni ndogo. Marekani ilifukia kwanza na kuuliza baadaye, ndiyo maana zaidi ya miaka 40 tangu Bunge lake litunge sheria bado inatafuta fedha za kufukua. Mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA kwa upande wa Tanzania na EPRA kwa upande wa Kenya, tayari zinatoa leseni kwa vituo, kwa hiyo chombo cha kuuliza maswali hayo kipo. Tozo ndogo kwa kila lita, iliyofungwa kisheria kwa kazi ya kukagua na kung'oa matangi chakavu tu, ingewapa wamiliki wadogo pa kukimbilia siku matangi ya leo yatakapozeeka. Ikianza kukusanywa sasa, mfuko utakuwa na kitu siku hiyo. Ikingoja hadi kisima cha kwanza kinuke petroli, itakuwa tozo ya kusafisha, na hiyo ni ghali mara nyingi zaidi.