Presha Hukaa Ukutani

Mwaka 2007 na 2008, timu iliyoongozwa na daktari wa macho Wanjiku Mathenge ilizunguka iliyokuwa Wilaya ya Nakuru, mjini na vijijini, kuwapima watu wa miaka 50 na zaidi. Walichokuwa wakitafuta ni chanzo cha upofu. Hata hivyo watu hao, 4,396 kwa jumla, walipimwa pia sukari na presha. Nusu yao walikuwa na presha, na watu wa mjini waliwazidi wa vijijini. Mkazi wa mtaa wa Milimani, mjini Nakuru, anayeamini kwamba hewa safi ya miteremko ya Menengai inamtosha hana budi kuyatafakari matokeo hayo.

Kwetu presha huzungumzwa kama jambo la hasira: fulani kaudhiwa, presha imempanda. Hasira hupita. Kinachobaki ni ukuta wa mshipa, na huko ndiko ugonjwa unakojijenga. Ukuta wa ateri una matabaka matatu. La ndani ni safu moja tu ya seli bapa, inayogusana na damu na kutoa gesi ya naitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa. La kati ni misuli laini na nyuzi zinazovutika. La nje ni kolajeni, inayouzuia mshipa usitanuke kupita kiasi. Moyo nao umepangwa vivyo hivyo: utando mwembamba ndani, misuli minene katikati, utando mwingine nje.

Aota, inayotoka moyoni moja kwa moja, imejaa nyuzi za kuvutika. Hutanuka moyo unapopiga, kisha hujirudi na kuendelea kuisukuma damu moyo unapopumzika. Ateri ndogo zina misuli zaidi kwa kadiri ya ukubwa wake, na kukaza au kulegea kwake ndiko kunakoamua presha kwa sehemu kubwa. Presha ikikaa juu miaka mingi, tabaka lake la kati hunenepa na njia ya damu huwa nyembamba. Upande wa kushoto wa moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hazigawanyiki ila kwa nadra sana, basi hunenepa zilezile, na kati yake huota nyuzi za kovu. Haya yote yanaweza kutokea bila maumivu yoyote. Anayengoja kichwa kimuume ndipo akapimwe anangoja dalili ambayo huenda isije.

Retina, nyuma ya jicho, ndipo daktari anapoweza kuitazama mishipa midogo ikifanya kazi bila kupasua. Ukuta wa ateri yenye afya hapo hupitisha mwanga. Kinachoonekana ni damu. Ukinenepa, ateri hung'aa kama waya wa shaba. Panapovukana ateri na vena, mishipa hiyo hushiriki tabaka moja la nje, hivyo ateri iliyokakamaa huikandamiza vena. Damu ikiganda hapo, mtu huamka na jicho lililofifia.

Mtu huyo atakimbilia kliniki ya macho. Ndiyo maana nashikilia kwamba hakuna kliniki ya macho Nakuru inayopaswa kukosa mashine ya presha, wala muuguzi wa kuitumia kwa kila mzee anayeingia, hata aliyekuja kutafuta miwani ya kusomea tu.