Mamlaka ya kudumu juu ya maliasili

Mamlaka ya kudumu juu ya maliasili ni kanuni ya sheria ya kimataifa inayosema kwamba watu na mataifa wana haki ya kumiliki na kutumia utajiri wa asili wa nchi yao kwa ustawi wao. Nchini Tanzania hutajwa hasa kuhusu madini, kama vile dhahabu ya Geita na Kahama mkoani Shinyanga.

Historia

Sheria ya kimataifa haikuwalinda Waafrika tangu mwanzo. Katika Mkutano wa Berlin (1884-1885) mataifa ya nje yalipanga taratibu za kutwaa maeneo ya Afrika bila mwakilishi wa Kiafrika. Tanganyika ikawa koloni la Ujerumani, kisha ikawekwa chini ya Uingereza.

Nchi zilizopata uhuru zilidai kubadilisha hali hiyo. Tarehe 14 Desemba 1962, mwaka mmoja kamili baada ya Tanganyika kujiunga na Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu lilipitisha azimio namba 1803 kwa kura 87 dhidi ya 2. Azimio linakubali utaifishaji kwa manufaa ya umma, lakini mwenye mali alipwe fidia stahiki.

Tanzania

Migodi mikubwa ya Geita (2000) na Bulyanhulu (2001) ilifunguliwa chini ya sheria ya madini ya 1998 iliyolenga kuvutia wawekezaji. Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, inayotaka migogoro ya maliasili iamuliwe na vyombo vilivyoanzishwa nchini. Mwaka huohuo mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka 4% hadi 6%. Baada ya mgogoro wa kodi na usafirishaji wa makinikia, serikali na Barrick walitia saini makubaliano Januari 2020. Serikali ilipata 16% ya hisa za kampuni ya Twiga.

Uhusiano na jamii

Azimio linataja watu, si serikali pekee. Hata hivyo, katika usuluhishi wa kimataifa wa uwekezaji wanaoshitakiana ni serikali na mwekezaji. Mwanakijiji aliyehamishwa kupisha mgodi, au mchimbaji mdogo aliyepoteza shimo lake, si mmoja wa pande hizo. Kwa kawaida madai yake hupelekwa kwenye mamlaka na mahakama za nchini. Tangu 2017 kila mwaka mwenye leseni anatakiwa kukubaliana na halmashauri kuhusu mpango wa huduma kwa jamii. Kwa njia hiyo kanuni iliyopitishwa New York inaweza kuonekana kijijini kama darasa, zahanati au kisima.