Nani Ananyonya katika Mabepari wa Venisi?

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya Ujamaa nchini Tanzania, ilitoka tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa nchi hiyo, ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Katika jina la tamthilia Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaweka wingi. Tena akachagua neno lenye sura mbili. Katika kamusi za zamani bepari ni mfanyabiashara tu, neno lenye asili ya Bara Hindi. Muulize leo mwanafunzi wa sekondari pale Bunda, atakuambia bepari ni mnyonyaji.

Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi saikolojia changanuzi, alieleza kwamba ndoto hubana mawazo mengi ndani ya picha moja. Wahakiki wanaofuata nadharia hiyo husoma hadithi vivyo hivyo: wanatafuta hofu na tamaa za ung'amuzi bwete, yaani upande wa nafsi ambao mwenyewe hauoni. Hapa wengi huteleza. Humgeuza Mwalimu kuwa mgonjwa, wakachokonoa utoto wake Butiama, shule ya Mwisenge mjini Musoma alikoanza masomo mwaka 1934, na kifo cha baba yake, Chifu Nyerere Burito. Mimi sikubali. Mwalimu alikuwa macho, na naamini neno lile alilichagua kwa makusudi. Cha kuchunguza ni maandishi, pamoja na sisi tunaoyasoma.

Freud mwenyewe aliandika juu ya tamthilia hii mwaka 1913, akashughulika na visanduku vitatu ambavyo wachumba wa Portia hutakiwa kuchagua kimoja. Sisi tunashikwa zaidi na ile ratili ya nyama. Shylock, mkopeshaji, anadai kukata mwili wa Antonio, mfanyabiashara aliyeshindwa kumlipa deni. Portia, anayejifanya mwanasheria mahakamani, anamruhusu nyama, anamkataza damu. Sasa kumbuka msamiati wa Ujamaa: kupe, mirija, mnyonyaji. Dhuluma ya uchumi ilisemwa kama mdomo unaofyonza mwili wa mwingine, na kitenzi ni kilekile cha mtoto mchanga: kunyonya. Melanie Klein, aliyefanya kazi London, alidai kwamba mtoto hulipenda titi na papo hapo hulishambulia katika mawazo yake, kisha huogopa kulipiziwa, aliwe yeye. Kiswahili kimeyaweka mapenzi hayo na hofu hiyo katika neno moja.

Ndiyo maana ule wingi katika jina la tafsiri una uzito. Antonio mwenye merikebu naye ni bepari. Anayetaka kukata na anayekaribia kukatwa wamepewa jina moja. Msomaji aliyekuja kumchukia Shylock peke yake anabaki na chuki mkononi, hajui aitue wapi.