Keja Ganjoni: Toa Milango ya Kabati, Pata Shelfu Bila Kumwaga Doo

Mse, ukiishi Ganjoni unaijua hii: hewa ya bahari inatia bawaba kutu, chipibodi inafura, mlango wa kabati ya jikoni unaning'inia. Usikimbilie kununua mpya. Fungua milango na bisibisi, ziba matundu, piga msasa, paka rangi ya mafuta, ngoja ikauke fiti. Ubao uliofura badilisha, hauwezi kubeba masufuria. Kukiwa wazi hewa inapita, ukungu unapungua. Na si ushamba: nyumba za mawe za Lamu zina zidaka ukutani, vyombo vya kaure vikipangwa vionekane. Ila kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kwanza, na uweke milango na skrubu zake. Siku ya kuhama bila hiyo milango, dipoziti utaisikia tu.