KUTIA GIA ZA MKONO BAADA YA KUBADILI INJINI

Njia za Kosele na Oyugis, katika Kaunti ya Homa Bay, zina miinuko mingi na tope la masika, na viazi vitamu vya Kabondo husafirishwa kwa magari madogo, hasa Toyota Probox, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Nyingi zililetwa zikiwa na gia za otomatiki. Injini ikichoka, mwenye gari hununua iliyokwisha kutumika, pengine Nairobi katika Kirinyaga Road, iliyoitwa zamani Grogan Road, na papo hapo hutaka atiwe gia za mkono, kwa kuwa ni rahisi kuzitengeneza. Si wazo baya. Lakini wengi hudhani kazi yenyewe ni kuchomeka fimbo tu.

Fimbo ni mwisho wa kazi, wala si mwanzo. Injini iliyofungwa giaboksi ya otomatiki ina bamba jembamba nyuma yake. Hapana budi liondolewe, na mahali pake patiwe flaiwili, sahani ya klachi na beringi yake. Kisha miguuni pa dereva patafutwe nafasi ya pedali ya tatu.

Katika gari ambalo injini yake imelala kwa upana, kama hilo, fimbo haigusi giaboksi. Kuna kebo mbili: moja huchagua safu ya gia, ya pili huitia gia yenyewe. (Katika Land Rover za zamani fimbo husimama juu ya giaboksi, na injini ngeni ikiwa ndefu zaidi, fimbo hutokea mahali pasipo na tundu.) Kebo zisipopimwa sawasawa, gia huingia nusu. Dereva hudhani imeingia, kumbe meno yameshikana kwa ncha tu. Gari likiteremka limejaa magunia, gia huchomoka, nalo hubaki kuzuiwa na breki peke yake. Kwa hiyo kila gia yafaa ijaribiwe injini ikiwa imezimwa, kisha ikinguruma huku magurudumu yameinuliwa na gari limeegemezwa imara.

Jambo jingine hufichika zaidi. Gari la otomatiki haliwaki ila fimbo ikiwa mahali pa kuegesha au gia ikiwa huru. Giaboksi ile ikitolewa, swichi yake huondoka nayo, na mafundi wenye haraka huunganisha nyaya zake moja kwa moja. Gari huwaka, kweli, bali huwaka hata likiwa katika gia, na mtoto aliyeachiwa ufunguo aweza kulirusha hadi barazani kwa watu. Dawa yake ni swichi ndogo penye pedali ya klachi, gari lisiwake mpaka pedali ikanyagwe. Taa za kurudi nyuma nazo ziunganishwe na giaboksi mpya.

Zimebaki karatasi. Injini mpya ina nambari yake, nayo haifanani na ile iliyoandikwa katika hati ya gari. Mabadiliko hayo hupelekwa kwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Risiti ya duka lililouza injini ihifadhiwe pamoja na hati hiyo.