Mtihani wa Fundi Umekwisha, Matokeo Bado: Tufanyeje?

Mwezi uliopita nilipita kwa duka la fremu karibu na stegi yetu kuchukua picha ya arusi ya jamaa yangu. Nilimkuta kijana wa duka ameketi tu, mikono magotini, na kazi imejaa mezani. Nilidhani ni mgonjwa. Kumbe alikuwa amefanya mtihani wa gredi, useremala Gredi ya Tatu, na matokeo yalikuwa hayajatoka.

"Dada, nimekosa ile hesabu," akaniambia. "Nimekosa na siwezi kuirudisha."

Hesabu yenyewe ilikuwa ya namna hii. Picha ni sentimita 40 kwa 50. Mbao ya fremu ina upana wa sentimita 3. Je, fundi anahitaji mbao ya urefu gani? Mwenye haraka atajumlisha pande nne za picha na kupata 180. Lakini fremu huizunguka picha kwa nje na pembe zake hukatwa mshazari. Kwa hivyo kila upande wa fremu huzidi upande wa picha kwa upana wa mbao mara mbili. Pande ni nne, kwa hivyo ni mara 8. Nane kwa 3 ni 24. Jibu ni sentimita 204, kabla hujaongeza kidogo kwa ajili ya kile kinacholiwa na msumeno.

Kijana aliandika 180. Alikumbuka akiwa ndani ya matatu ya kurudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Ajabu ni kwamba dukani hajawahi kukosa hesabu hiyo hata siku moja. Mkono wake unaijua. Ni kalamu iliyomwangusha, au pengine haikumwangusha, kwa sababu swali moja si mtihani mzima. Lakini mwambie hivyo mtu anayengoja matokeo uone kama atakusikia!

Nyumba nyingi hapa kwetu zina kijana wa namna hii: fundi wa mbao, wa kuchomelea vyuma, wa ushonaji, wa stima. Mtihani wameshafanya, pesa zimelipwa, na sasa ni kungoja. Wazazi wengi huniuliza mtihani huu ni wa nini na kwa nini unachukua muda, kwa hivyo nitaeleza kidogo.

Gredi ni nini

Mtihani wa gredi hupima kama fundi anaijua kazi yake, awe alisomea chuoni au alijifunzia chini ya fundi mwingine kwa jua kali. Hapo ndipo uzuri wake. Hauulizi ulipata alama gani shuleni. Zamani ulikuwa chini ya Idara ya Mafunzo ya Viwanda, ambayo mafundi wazee bado huiita DIT. Sheria ilirekebishwa mwaka wa 2011 na kazi hiyo ikaenda kwa mamlaka inayoitwa NITA. Vijana wengi huufikia kupitia vile vyuo vya ufundi vya vijijini vilivyoanzishwa na makanisa mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa ajili ya watoto waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi ya sekondari. Katiba ya 2010 iliviweka vyuo hivyo chini ya kaunti.

Jambo moja huwachanganya wazazi. Gredi huanza na ya Tatu, kisha ya Pili, halafu ya Kwanza ndiyo ya juu. Mzee mmoja alimkemea kijana wake mbele ya wageni kwa sababu amekuwa "namba tatu". Kijana alikuwa amefaulu! Ilibidi niende nyumbani kwao kueleza, na hata hivyo sina hakika kama mzee aliniamini.

Nchi nyingine zina mtihani wa fremu peke yake. Kule Marekani, chama cha mafundi wa fremu kiitwacho Professional Picture Framers Association kilianza mtihani wake mwaka wa 1986, na anayefaulu huandika herufi CPF baada ya jina lake. Uingereza nako Fine Art Trade Guild hutoa cheti chake kwa watu wa kazi hii. Kijana wetu yeye alipitia mlango wa useremala. Niliwahi kufikiri kwamba fremu ni kazi ndogo ya kupigilia vijiti vinne. Alinionyesha nilivyokosea.

Kazi ya pembe

Fremu ina pembe nne. Kila kijiti hukatwa ncha zote mbili, kwa hivyo kuna mikato 8, na kila mmoja unatakiwa uwe digrii 45 kamili. Sasa tuseme msumeno umepinda kwa nusu digrii tu. Jicho haliwezi kuona. Lakini nusu mara 8 ni digrii 4, na hizo zote hujikusanya kwenye pembe ya mwisho. Pembe tatu zitafunga vizuri, ya nne itaacha mwanya. Fundi mbaya huujaza mwanya huo kwa gluu na vumbi la mbao na kupaka rangi juu. Anayesahihisha mtihani anajua ujanja huo tangu zamani.

Tena vijiti vinavyotazamana lazima viwe na urefu sawa kabisa. Kisha unapima mshazari, kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu imekaa skwea. Kioo nacho hukatwa kidogo kuliko nafasi yake, milimita 2 au 3, kwa sababu mbao hupanuka na kusinyaa hali ya hewa ikibadilika. Na picha haifai kugusa kioo. Wakati wa mvua unyevu huingia, picha inashika kwenye kioo, na ukijaribu kuibandua unaondoka na sura ya bibi arusi. Kwa hivyo huwekwa kadibodi yenye dirisha katikati, ili pabaki nafasi. Wenye picha za arusi ukutani, hebu angalieni zenu leo jioni.

Ninaeleza haya kwa sababu mtu anayengoja matokeo huyarudia yote usiku. Je, nilipima mshazari? Je, ile pembe ya nne ilifunga? Kazi yenyewe ilibaki kule, hawezi kuiona tena. Mkulima akiwa na wasiwasi anaweza kwenda shambani kutazama mahindi yake. Huyu hana mahali pa kwenda kutazama.

Na matokeo hayaji upesi. Kuna kazi ya mikono na kuna maswali, na alama za pande zote mbili lazima zijumlishwe na kuhakikishwa kwa watu wote waliofanya, katika vituo vyote. Halafu kuna cheti chenyewe kuchapishwa, na hiyo ni hatua nyingine. Matokeo yanaweza kujulikana na cheti kikawa bado. Hapa lazima nikiri kosa langu. Mama wa kijana alipokopa pesa za mtihani kutoka kwa chama chake, mimi ndiye niliyemwambia majibu yatakuja "baada ya wiki chache tu". Nilisema ili kumtia moyo. Wiki zilipopita, mama akaanza kumuuliza kijana kila asubuhi, "Bado?" Chama nacho kilikuwa kinamuuliza mama. Kijana akaacha kunywa chai nyumbani ili asiulizwe. Akaanza pia kukataa kazi, akisema atangoja cheti kwanza ndipo aandike bei mpya. Haya yote yalitokana na wiki zangu chache.

Yule wa kusukuma faili

Katika hali hiyo ndipo akatokea mtu. Huwa hakosi. Alisema ana jamaa Nairobi anayeweza kusukuma faili, na hata kuinua alama kidogo, kwa shilingi elfu tatu. Mama alikuwa tayari kuuza mbuzi.

Wazazi, tafadhali tusikizane hapa. Kwanza, mtu huyo hakujua hata namba ya mtihani ya kijana. Angesukuma faili gani? Pili, Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 inamshika anayetoa sawa na anayepokea, kwa hivyo ukidanganywa huwezi kwenda polisi ukiwa na mikono safi. Tatu, na hili liliniuma zaidi, kijana angeishi miaka yote akishuku cheti chake mwenyewe, hata kama alifaulu kwa haki.

Badala ya kuuza mbuzi, tulifanya mambo madogo. Tulitafuta risiti ya malipo na ile namba yake ya mtihani, zikawekwa kwenye bahasha moja. Tulilinganisha jina lililoandikwa wakati wa kujiandikisha na jina la kitambulisho, na tukakuta herufi moja imekosewa. Hilo lilikuwa la maana kuliko ile 180, kwa sababu cheti chenye jina lisilolingana na kitambulisho ni mateso matupu mbele ya mwajiri. Alikwenda kituoni alikofanyia mtihani akaomba lisahihishwe, na hapo hapo akauliza siku gani arudi kuuliza matokeo. Alipewa siku. Mama alikubali kutouliza kabla ya siku hiyo. Kwa chama nilikwenda mimi mwenyewe, kwa kuwa wiki chache zilikuwa zangu, na akina mama wakakubali alipe kidogo kidogo.

Kuhusu kazi, nilimwambia wateja wake hawajawahi kuomba kuona cheti. Cheti kitamfungulia kazi za shule na za kampuni, lakini picha zilizo mezani zina wenyewe. Alininyamazia. Nikafikiri nimemuudhi.

Tunapopeleka ukurasa huu kwa mtambo, matokeo bado. Jumamosi nilipita tena pale dukani. Alikuwa akikata mbao za fremu sita, na ukutani juu ya meza ameandika kwa chaki: 204. Mama yake alikuwa pale pia, akipanguza vioo kwa gazeti.